Vichupa Viwili vya Damu ya Dada

Nilimvunja vidole viwili mtu pekee aliyeweza kuupata mshipa wa dada yangu. Nilivivunja kwa kisigino, mchana kweupe, mbele ya watu waliokaa foleni na makaratasi yao mkononi. Nalisema hili mwanzoni, asije mtu akadhani nataka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni mchinjaji. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye sakafu ya machinjio, viatu vya mpira hadi magotini, kisu kiunoni, ng'ombe wakiletwa mmoja mmoja kupitia kichochoro cha mabomba. Wenzangu wananiita Shoka. Situmii shoka kazini; jina hilo linatokana na kichwa changu, ambacho kikishaangukia mahali, pamepasuka. Nimepigana na madereva, nimepigana na wapima mizani, na bwana mifugo mmoja nilimtumbukiza kwenye mtaro wa vinyesi kwa sababu alinijibu akiwa amenipa mgongo. Hasira hasara, watu wananiambia. Nami huwajibu kwamba hasara ni yangu, wao inawauma nini?

Ngumi sikuzaliwa nazo, nilifundishwa, na aliyenifundisha ni dada. Mama alikufa mapema, tukabaki na baba na mkanda wake. Baba alikuwa na sababu ya kupiga kila siku, ikikosekana aliitafuta. Siku moja, mimi nina miaka tisa na dada kumi na tano, mkanda ulikuwa umeshainuliwa juu yangu dada alipoingia na mpini wa jembe akampiga baba mkono. Tuliusikia mfupa ukilia. Baba hakumgusa tena yeyote kati yetu. Dada akanipangusa damu puani kwa pindo la gauni lake, akasema, "Ukiogopa, piga. Utaogopa baadaye ukiwa na nafasi."

Akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa wetu ni kazi ya mkono wake. Alinisomesha kwa mageti, akanilisha kwa mageti, na kijana yeyote aliyemcheka kwa kuvaa ovaroli alijikuta anakula mchanga. Hakuolewa. Alisema hana muda wa kumlea mtoto mwingine mzee.

Kwa hiyo alipougua mapafu, mimi ndiye niliyekuwa mke, mume, na watoto.

Mara ya kwanza walimchoma sindano ndefu ubavuni ili wachukue kinyama cha kupima. Pafu likatoboka, likasinyaa. Nilimwona dada akigeuka rangi ya majivu mezani, mdomo wazi, hewa haiingii, na ikabidi wamtoboe mara ya pili wapitishe mpira wa kutolea upepo. Katikati ya hayo yote alimpiga teke mhudumu aliyemshika miguu, na nikajua hafi. Kile kinyama kilisema ni saratani ya aina ambayo ina vidonge vyake. Akavimeza mwaka na miezi minne, akarudi kuchomelea. Kisha kikohozi kikarudi.

Daktari wake ni mama mmoja mfupi asiyepamba maneno. "Ugonjwa umejifunza kuvikwepa vidonge," aliniambia. "Vipo vya pili. Lakini vinafaa tu ikiwa saratani imebadilika kwa namna moja ninayoijua. Nikimpa kwa kubahatisha nikakosea, nimemmalizia wiki ambazo hana."

"Basi mkateni tena mpime."

"Pafu lile? Nikiingiza sindano mle tena namuua kwa mkono wangu. Tutapima damu. Saratani haitulii, kaka. Inaachia vipande vidogo vidogo kwenye damu, na kuna maabara wanaovitafuta na kuvisoma."

Nilielewa papo hapo. Ng'ombe akipenya kwenye waya wa seng'enge huacha manyoya, na mchungaji akiyaona anajua ni ng'ombe gani aliyepita. Sikuhitaji kuchorewa.

Tatizo lilikuwa mishipa. Dripu na sindano za muda wote wa ugonjwa zilikuwa zimeiunguza mikono ya dada. Wauguzi walichoma na kuchoma, wakitoa tone wakiita bahati. Ndiyo maana tulimngoja Mbu. Hilo ni jina alilopewa na wagonjwa, kwa kuwa anakunyonya na wewe hujui. Fundi wa maabara, mwembamba, mpole mpaka anakera. Aliufunga mkono wa dada kwa mpira, akafumba macho, akapapasa kwa vidole vya kushoto muda mrefu, halafu sindano ikaingia mara moja tu.

"Mkono wa kulia kibarua tu," alimwambia dada. "Wa kushoto ndio wenye macho."

"Na wewe una maneno kuliko sindano zako," dada akamjibu, naye hatanii na mtu asiyempenda.

Vichupa viwili vikajaa. Vilikuwa vya aina yake, vyenye dawa ndani, na vilikuja kwenye kijisanduku, kimoja kwa kila mgonjwa. Vilitakiwa kusafirishwa kwa ndege siku ileile kwenda kwenye maabara ya mbali. Tarishi wa hospitali alikuwa mgonjwa. Ofisi ya vifurushi ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu, na mzigo hupokelewa mwisho saa tisa. Mbu aliangalia saa, akaniangalia mimi, na hapo akafanya kosa lake moja.

"Utakipeleka wewe? Si utaratibu, lakini kikilala hapa kimelala bure."

"Lete."

"Sikiliza kwanza. Usikitikise. Usikiweke juani, usikiweke kwenye barafu. Joto la kawaida tu, kama unalokaa wewe."

"Mbu," nikamwambia, "wewe damu unaitoa kwa kijiko, mimi kwa ndoo. Nani amfundishe nani?"

"Ndiyo maana nakuambia."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, bwana. Lete sanduku."

Nikafika kwenye ofisi ya vifurushi, mlango umefungwa, karatasi imebandikwa kwamba wanarudi saa nane. Jua lilikuwa linachoma kweli. Machinjio yetu yako nyuma ya barabara ile, nikaenda kungojea kivulini. Nikafungua sanduku nihakikishe. Damu ilikuwa imeanza kujitenga, nzito chini, maji ya manjano juu.

Hapa naomba mnielewe, ingawa sistahili. Pale kwetu damu haimwagwi yote. Kuna kiwanda cha chakula cha kuku kinachoichukua. Ikitoka tu shingoni, mtu anaingiza mkono kwenye pipa mpaka kiwiko na kuikoroga kwa nguvu, asipumzike, la sivyo inashika na kuwa donge lisilofaa kitu. Kisha pipa linakimbizwa kwenye chumba cha barafu. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha wengine. Damu iliyotulia ni damu inayooza. Nikaviona vichupa vya dada vinatulia, nikaogopa.

Nikavitikisa. Nikavishika kimoja kila mkono nikavitikisa kwa nguvu zangu zote mpaka povu likapanda kwenye vifuniko. Halafu nikavilaza kwenye chumba cha barafu, juu ya trei ya maini, saa nzima. Saa nane nikavitoa vikiwa vigumu kama vijiwe, nikavirudisha sandukuni, nikakabidhi, nikagongewa muhuri. Njiani nilijisifu. Niliwaza, kama nisingekuwa mchinjaji, damu ya dada ingeharibika.

Siku tisa zikapita. Dada akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na hakuweza tena kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Siku ya tisa daktari akaniita ofisini.

"Majibu hayapo. Damu imefika imeharibika, haipimiki."

"Nani kaiharibu?"

"Wanasema ilishikwa vibaya kabla ya kufika. Nimeomba sanduku jingine, lakini…"

Sikungoja hiyo lakini. Nilishuka ngazi tatu tatu. Mbu alikuwa anavuka ukumbi wa mapokezi na trei ya vichupa vya watu wengine, miwani imemshukia puani. Nilimpiga ngumi ya kwanza chini ya sikio. Trei ikaruka. Akaanguka kwenye benchi, mama mmoja akapiga kelele, nikamwinua kwa kola nikampiga ya pili mdomoni, nikasikia jino likitoka. Akaanguka tena. Na yule mjinga, badala ya kujikinga uso, alinyoosha mkono wa kulia akawa anaokota vichupa vya watu sakafuni visije vikakanyagwa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikaukanyaga ule mkono kwa kisigino, nikazungusha.

Hakupiga kelele. Aliniangalia kutoka chini, damu inamchuruzika kidevuni; habari za vichupa alikuwa ameshazipata maabara. Akauliza kama anayeuliza njia, "Uliviweka kwenye barafu?"

"Nyamaza!"

"Damu ikiganda kwa barafu, chembe zake zinapasuka. Zinamwaga kila kitu chao mle. Kile kidogo cha saratani kinazama, hakionekani tena." Akatema jino. "Na ulivitikisa, siyo?"

Mguu wangu ulikuwa umeinuka kwenda mbavuni kwake. Nilijua pale pale. Niliyaona maini, niliiona trei, niliona povu. Mtu mwenye utu angeushusha ule mguu. Mimi nilimpiga nao teke, la nguvu kuliko yote, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Walinzi wanne walinitoa. Nililala rumande siku moja, nikaachiwa, kwani hospitali haikutaka makelele. Mkuu wa maabara akaniita nitoe maelezo. Mbu alikuwa ameshasema kwamba sanduku alinipa mimi. Mkuu akaniuliza nilifanya nalo nini. Nikasema nililipeleka moja kwa moja, limefungwa kama nilivyopewa, na muhuri wa ofisi ya vifurushi ulikuwepo kuonyesha kwamba lilifika mapema. Nikaandika hivyo, nikatia sahihi. Mbu akasimamishwa kazi, na vidole vyake viwili kwenye plasta.

Nyumbani dada alinisubiri macho makavu.

"Nasikia umempiga… yule mtu wa sindano."

"Nimempiga."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Vizuri," akasema, na siku ile akanywa uji bakuli zima. Mimi niliosha bakuli lile, sikumtazama.

Sanduku la pili lilipatikana baada ya siku tano. Wauguzi wakaanza. Wa kwanza alichoma kiwiko cha kulia, akakosa. Wa pili kiganja, kikavimba hapo hapo. Wa tatu kifundo cha mguu. Mara saba walimchoma, na kila mara dada aliuma meno na kuangalia dari, jasho linamtoka. Mara ya saba damu ilichirizika shukani badala ya kuingia kwenye kichupa, nami nikajikuta nimemshika yule muuguzi kola.

"Mwachie," dada akasema. "Mwachie au… naondoka na miguu yangu."

Nikamwachia. Yule muuguzi akajinyoosha nguo, akanijibu mbele ya wote, "Mwenye kuupata mshipa huu ni Mbu. Si umemvunja? Basi choma wewe."

Nilikuwa na jibu moja tu, na nilikuwa nimelificha.

Mbu anakaa nyuma ya shule, nyumba ya chumba na sebule. Aliyefungua mlango ni mkewe, mchi wa kinu mkononi, alikuwa anatwanga.

"Shemeji," nikaanza, "naomba…"

"Shemeji yako nani?"

Mchi ukatua begani. Wa pili ukanipata juu ya sikio, nikaona nyota, nikapiga goti kizingitini. Ungekuwa wakati mwingine ningemnyang'anya nikauvunjia gotini. Niliacha mikono yangu ikining'inia. Alinipiga wa tatu, wa nne, akilia, akiniita mbwa, akisema mume wake hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Damu iliniingia shingoni kwa ndani ya kola. Mwishowe Mbu akatokea, akamshika mkewe kiuno.

"Inatosha. Utamuua, na mimi nitamtafuta wapi shahidi?"

Nikamwambia yote, nimepiga magoti palepale. Barafu, kutikisa, karatasi niliyotia sahihi. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wa plasta ameukumbatia kifuani kama mgonjwa wa mtu mwingine.

"Nitakuja," akasema. "Si kwa ajili yako. Lakini utasema haya pale ukumbini uliponipigia, asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Na dada yako awepo."

"Mkuu wa maabara nitamwambia hata sasa hivi. Dada mwache. Anaamini kwamba nilimpigania."

"Na mimi wanaamini niliharibu damu ya mgonjwa. Yeye anasikia, au siji."

Kesho yake saa tatu ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye korido. Nilimsukuma dada kwa kiti cha magurudumu, mtungi wa hewa pembeni. Alipomwona Mbu amesimama na plasta yake, alinitazama akanyanyua nyusi, anataka kujua kama kuna raundi ya pili. Mkuu wa maabara alikuwepo, daktari alikuwepo, yule muuguzi wa kola alikuwepo.

Nimesimama mbele ya mafahali waliovunja kamba, sikurudi nyuma. Pale nilirudi hatua moja.

"Mimi ndiye niliyempiga huyu," nikasema. "Damu haikuharibiwa na yeye. Aliniambia nisitikise, nikatikisa. Aliniambia nisiweke kwenye barafu, nikaweka saa nzima. Nikaandika uongo, nikasaini. Yeye hana kosa."

Mzee mmoja aliyekaa mbele alitema mate miguuni kwangu. Mwanamke nyuma yake akasema, "Mjuaji!" na watu wachache wakacheka, kicheko kibaya. Sikuwaangalia. Nilikuwa namtazama dada.

Uso wake haukubadilika. Alihesabu kwa vidole, taratibu, kwenye mkono wa kiti. Nilijua anahesabu siku. Halafu akaniita kwa kidole. Nikainama, nikidhani anataka kuninong'oneza kwa kuwa hana pumzi, na akanipiga ngumi ya mdomo.

Alikuwa ameivuta kutoka mbali, kwa mwili wote. Mpira wa hewa ulimchomoka puani na daktari akaruka kuurudisha. Lakini ngumi ile haikuwa na uzito wowote. Mkono uliomvunja baba mfupa ulinigusa mdomo kama mkono wa mtoto anayeomba maji. Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, mbele ya foleni.

Alitweta muda mrefu. Kisha akakunja mkono wa gauni na kumnyooshea Mbu mkono wake, ule wenye madoa ya zambarau kutoka kwapani hadi kiganjani.

Mbu akapiga goti pembeni ya kiti. Akafumba macho, akapapasa kwa vidole vya kushoto. Alipapasa mpaka watu wakaacha kukohoa. Akatuliza kidole mahali ambapo mimi sikuona kitu, akamwambia muuguzi, "Hapa. Chini ya ukucha wangu. Ilaze zaidi. Zaidi. Ingia." Muuguzi akaingia. Damu ya dada ikapanda kwenye kichupa, nyeusi kidogo, bila haraka. Muuguzi akakipindua kichupa na kukirudisha, pole pole, Mbu akimhesabia mpaka kumi. Niliangalia kila mpinduo. Tarishi, aliyekuwa amepona, akalichukua sanduku akapita mbali nami kwa makusudi.

"Siku ngapi?" dada akamuuliza Mbu.

"Majibu? Kumi na nne."

Dada akamgeukia daktari, na yule mama asiyepamba maneno akaangalia chini. Sote tuliona.

"Nirudishe nyumbani," dada akaniambia. Hakuinua sauti, hakuwa nayo. "Na nikifa ndani ya hizo siku… usinililie. Umesikia? Wengine walie. Wewe usilie."

Nikasema nimesikia. Nikainama nikafungua breki ya kiti, watu wakatupisha njia, nikaanza kumsukuma.